Anafaa, au Anaweza Kushinda Tu?

Uchaguzi mkuu unapokaribia katika nchi yetu, majina huanza kutajwa. Hutajwa matangani na katika harambee, nje ya makanisa baada ya ibada, katika jumuiya ndogo ndogo na katika vikao vya wanaharakati. Na kila jina linapotajwa, hukumu mbili hutolewa kwa haraka. Ya kwanza husema: "Ni mtu mwema, lakini hawezi kushinda." Ya pili husema: "Twamjua alivyo, lakini huyu ndiye awezaye kushinda." Kwa hukumu ya kwanza, watu wengi wenye sifa wamezikwa kisiasa kabla ya kupanda jukwaani hata siku moja. Kwa hukumu ya pili, watu ambao hatungewakabidhi sadaka ya Jumapili wamekabidhiwa hazina ya taifa.

Hatuandiki haya ili kumpigia debe mtu yeyote, wala kumkata mtu yeyote miguu. Twataka kujadili mpangilio wa maswali. Msimamo wetu ni kwamba swali la kufaa lazima litangulie, na swali la kushinda lifuate. Yakigeuzwa, la kushinda hulimeza la kufaa, na wananchi hujikuta wakijadili hesabu za makabila pale ambapo walipaswa kujadili tabia, uwezo na historia ya mtu.

Sheria yataka nini

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani kwamba sheria imekwisha kutuchujia wagombea. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 137, yataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe na sifa za kugombea ubunge, ateuliwe na chama au asimame kama mgombea huru, na aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zinazozidi nusu ya kaunti zote 47. Sheria ya Uchaguzi imeongeza sharti la shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa nchini. Ibara ya 99 nayo yamfungia mlango mtu aliyetangazwa kufilisika, asiye na akili timamu, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na yule aliyethibitishwa kuwa alitumia vibaya ofisi ya umma au alikiuka Sura ya Sita inayohusu uongozi na uadilifu.

Ukiyasoma masharti hayo upesi utadhani ni ukuta mrefu. Lakini soma kifungu cha tatu cha Ibara hiyo hiyo ya 99: mtu hazuiwi mpaka njia zote za rufani na za kupitiwa upya kwa hukumu yake ziwe zimekwisha. Kwa maneno mepesi, aliyehukumiwa leo kwa kula mali ya umma aweza kukata rufani kesho, na maadamu rufani haijaamuliwa, jina lake laweza kuandikwa kwenye karatasi ya kura.

Hatukilaumu kifungu hicho. Wanaozikumbuka kesi za Mwakenya za 1986 na 1987, watu walipoteswa mpaka wakakiri na kisha wakafungwa upesi upesi, wanajua jinsi serikali iwezavyo kuitumia mahakama kuwaondoa wapinzani wake. Kifungu hicho chamlinda asiye na hatia. Lakini ulinzi huo huo hutumiwa na mwenye hatia, na sheria haina namna ya kuwatenganisha wawili hao kabla ya siku ya kupiga kura.

Mfano wa 2013 walionyesha jambo hili vizuri. Mnamo Februari mwaka huo Mahakama Kuu iliombwa iamue kama Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, walikuwa wametimiza matakwa ya Sura ya Sita. Majaji walijibu kwamba hawana mamlaka ya kuamua suala hilo kumhusu mgombea urais. Mwezi uliofuata wawili hao walichaguliwa. Mashtaka dhidi ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto ikakomeshwa Aprili 2016, bila yeyote kati yao kupatikana na hatia. Hatuitaji kesi hiyo ili kuifufua. Twaitaja kwa sababu ilithibitisha kwamba, linapokuja suala la uadilifu wa mgombea urais, mzigo humrudia mpiga kura, apende asipende.

Sheria basi ni kizingiti. Aliyekivuka amepata haki ya kuziomba kura zetu. Hajapata haki ya kupewa.

Somo la 1992

Desemba 1991 Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa. FORD, iliyoanzishwa mwaka huo huo, ilikuwa na umati na ilikuwa na imani ya watu. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, FORD ilikuwa imepasuka vipande viwili: Ford-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na Ford-Asili ya Kenneth Matiba. Mwai Kibaki naye alikuwa ameunda chama chake, Democratic Party. Kila kambi ilidai kwamba mtu wake ndiye pekee awezaye kumshinda Rais Moi, na kwamba wengine wawili walikuwa wakipoteza kura za mageuzi bure.

Matokeo yanajulikana. Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura, Matiba 26, Kibaki 19, na Odinga 17. Watatu wa upinzani kwa pamoja walipita asilimia 60, na bado walibaki nje ya Ikulu. Ni kweli kwamba uwanja haukuwa sawa. Damu ilikuwa imemwagika katika Bonde la Ufa tangu mwishoni mwa 1991, na machifu na wakuu wa wilaya hawakuwa waamuzi wa haki. Lakini ni kweli vilevile kwamba hoja ya "wetu ndiye anayechagulika" ilitumiwa na kila kambi kukataa kukaa na nyingine, na kwamba hoja hiyo, kwa wote watatu, ilikuwa ya uongo.

Mjadala mchungu kuliko yote mwaka huo ulimhusu Matiba. Huyu alikuwa amejiuzulu uwaziri Desemba 1988 baada ya uchaguzi wa mlolongo. Mei 1990, pamoja na Charles Rubia, alidai hadharani mfumo wa vyama vingi. Julai mwaka huo, siku chache kabla ya Saba Saba, wote wawili waliwekwa kizuizini. Huko kizuizini Matiba alipatwa na kiharusi, akapelekwa London kwa matibabu, na aliporudi Mei 1992 alilakiwa na umati mkubwa. Watu wakaulizana: je, afya yake yamruhusu kuongoza nchi? Wafuasi wake wakaliona swali hilo kuwa tusi. Wapinzani wake wakalifanya mzaha. Ni wachache waliothubutu kulijadili kwa upole na kwa ukweli.

Baada ya uchaguzi Matiba alikwenda mahakamani kuupinga ushindi wa Moi. Ombi lake lilitupwa kwa sababu lilitiwa saini na mkewe, Edith, aliyekuwa na hati ya uwakilishi, na mahakama ikashikilia kwamba sheria yamtaka mlalamikaji atie saini kwa mkono wake mwenyewe. Sisi twaiona hukumu hiyo kuwa ilimwadhibu mtu kwa jeraha alilotiwa na dola yenyewe. Lakini tusijifiche nyuma ya hasira. Swali ambalo marafiki zake walikataa kuliuliza kwa upendo liliulizwa na mahasimu wake mbele ya majaji, mahali ambapo nyimbo na vigelegele haviwezi kujibu. Mnamo 2017 Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia kwa mateso ya kizuizini. Aprili mwaka uliofuata alifariki dunia.

Twajifunza nini? Mateso aliyoyapata mtu kwa ajili yetu ni deni, na deni hilo tulilipe kwa heshima, kwa fidia na kwa matibabu. Urais si malipo ya deni. Ni kazi, na mwenye kuiomba aulizwe kama anaiweza, hata kama ni shujaa wetu. Swali la afya nalo lisiachwe kwa wenye chuki. Katiba ya sasa, katika Ibara ya 144, imeweka utaratibu wa kumwondoa Rais asiyeweza kutekeleza kazi zake kwa sababu ya hali ya mwili au akili, lakini utaratibu huo huanza baada ya mtu kuchaguliwa. Kabla ya hapo hakuna jopo la madaktari ila wananchi wenyewe na midomo yao.

"Hachagulikani" ni neno la nani?

Mwaka 1997 walikuwako wagombea urais 15, wakiwemo wanawake wawili: Charity Ngilu, aliyekuwa mbunge wa Kitui ya Kati, na Wangari Maathai, mlinzi wa misitu na wa Bustani ya Uhuru. Wote wawili waliambiwa kwamba Kenya haiko tayari. Ngilu alipata takriban asilimia nane ya kura. Maathai alipata kidogo sana, hata kiti cha ubunge alichokigombea akakikosa. Miaka mitano baadaye Maathai alichaguliwa mbunge wa Tetu kwa kura nyingi, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Sifa zake hazikuzaliwa 2002. Zilikuwako 1997, na zilikuwako alipokuwa akipigwa marungu.

Wasemao "hachagulikani" hudhani wanatabiri. Kwa kweli wanaamua. Mtu mmoja akimnyima mwema kura kwa kuwa anadhani jirani yake atamnyima, na jirani naye akafanya hivyo hivyo kwa kumdhania yeye, mwema ataanguka, na wote wawili watasema, "Si tulisema?" Wahenga walinena kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Sokoni huenda ikawa hivyo. Katika siasa zetu kibaya hujitembeza kwa helikopta na kwa magunia ya noti, na chema kisipobebwa na watu hakiuziki.

Ushahidi mkubwa ni Kibaki mwenyewe. Anakumbukwa kwa kusema, alipokuwa bado ndani ya KANU, kwamba kuiondoa KANU ni kama kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Mwaka 1992 alikuwa wa tatu. Mwaka 1997 alikuwa wa pili, kwa asilimia 31 hivi. Mwaka 2002 mtu huyo huyo, akiwa na umri wa miaka 71, mkono ukiwa na plasta kwa ajali ya barabarani, alishinda kwa asilimia 62, na mugumo ukaanguka. Ni nini kilichobadilika? Ni kwamba wenzake waliokuwa wakishindana naye walikubali kumuunga mkono, na Raila Odinga akamtangaza mbele ya umati pale Bustani ya Uhuru, Oktoba mwaka huo. Uwezo wa kushinda uliundwa kwa makubaliano ya watu walioketi, wakajadiliana na kuachiana.

Gharama ya kutouliza

Lakini 2002 yatufundisha pia upande wa pili. Furaha ya kumpata mtu awezaye kushinda ilikuwa kubwa mno hata maswali mengine yakawekwa kando. Makubaliano ya kugawana madaraka kati ya pande mbili za NARC yalikuwa ya viongozi. Mwananchi hakuwa na nakala mkononi, na yalipovunjwa hakuwa na la kudai. Katiba mpya iliyoahidiwa katika siku 100 haikuja mpaka Agosti 2010. Twaukiri wema uliofanyika: elimu ya msingi bila malipo iliyoanza 2003 iliwarudisha watoto wengi shuleni. Lakini mwaka 2004 nchi ilikuwa ikizungumza juu ya Anglo Leasing, 2005 ikagawanyika katika kura ya maoni, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa.

Februari 2008, moshi ukiwa bado unafuka, viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na kwamba kwa ajili hiyo walishindwa kuyakabili maovu. Lilikuwa neno la ujasiri. Kanisa lililokuwa na akina Askofu Henry Okullu na Mchungaji Timothy Njoya, waliodai mageuzi wakati wa kudai kulipokuwa hatari, lilijua vema limepoteza nini. Mimbari ikishauliza tu "ni wetu?" na "atashinda?", haina tena sauti ya kumwambia mshindi kwamba amekosa.

Maswali ya kutangulia

Twapendekeza basi kwamba kila anayetajwa kuwa mgombea urais, kabla hatujahesabu kura zake, ajibu maswali haya.

Kwanza, mali yake ameipataje? Hatuulizi kama ni tajiri. Twauliza kama utajiri wake una maelezo.

Pili, ofisi alizowahi kushika alizikuta vipi, na aliziacha vipi? Mtu hawezi kuwa mpya kila baada ya miaka mitano.

Tatu, aliposhindwa, katika chama, kwenye kura au mahakamani, alifanya nini? Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, na taifa likapata nafasi ya kuona ni nani anaiheshimu hukumu inayomuumiza. Asiyejua kushindwa hatajua kuondoka.

Nne, nani anailipia kampeni yake? Bunge lilipitisha sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini chaguzi za 2017 na 2022 zilifanywa bila mipaka ya sheria hiyo kutekelezwa. Kwa hiyo swali hili hatuulizi kwa niaba ya sheria tu. Makanisa yalianze kwa kuyaangalia mabahasha yanayoletwa madhabahuni. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi la Kanisa Katoliki lilikataa michango iliyotolewa na wanasiasa, akiwemo Rais, katika parokia moja. Hicho ni kipimo ambacho kila dhehebu laweza kukitumia.

Tano, ameahidiana nini na washirika wake? Mapatano yachapishwe, yasomwe, na nakala zibaki kwa wananchi.

Sita, afya na nguvu zake zatosha kazi hii? Swali hili aulizwe kila mgombea, mzee kwa kijana, ili lisiwe fimbo ya kumpigia mmoja.

Je, kura itapotea?

Tunajua jibu la mwanaharakati aliyechoka. Atasema: "Kufaa bila kushinda ni maneno matupu. Mlipokuwa mkitafuta malaika 1992, Moi aliapishwa." Hoja hiyo ina uzito, nasi twaiheshimu. Lakini sheria ya 1992 siyo ya leo. Wakati ule aliyetangulia kwa kura alishinda hata kwa asilimia 36, alimradi awe na robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kwa Ibara ya 138 ya Katiba ya sasa, mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na walau asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa kwanza hurudi kwa wananchi katika duru ya pili ndani ya siku 30.

Maana yake ni kubwa. Hofu ya kwamba kumchagua anayefaa katika duru ya kwanza ni kumpa adui ushindi imepungua sana. Mgombea awezaye kuwafanya wakubwa wawili wakose nusu ya kura huwalazimisha waje kuomba, na anayeombwa aweza kudai. Mwaka 2013 mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, na 2022 kwa asilimia 50.49, tofauti ya kura 233,211 kati ya wawili wa mbele. Katika hesabu nyembamba namna hiyo, hakuna kaunti ndogo wala kabila dogo, na hakuna parokia isiyo na uzito.

Hatusemi kwamba ushindi utakuja kwa maombi peke yake. Anayefaa lazima abebwe: vijana waandikishwe kuwa wapiga kura, mawakala wapatikane kwa kila kituo, fomu ya 34A ipigwe picha na kutunzwa, na vyama vya mageuzi viketi pamoja mapema, si wiki ya mwisho. Kazi ya kumfanya mtu achagulike ni yetu. Kazi ya kumfanya afae haiwezi kuwa yetu. Hiyo aje nayo mwenyewe.

Wasomaji wetu wanaijua habari ya miti katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya tisa. Miti ilitaka mfalme. Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, kila mmoja ukiwa na kazi nzuri usiyotaka kuiacha. Ndipo miti ikauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, kwa sharti kwamba wote waje chini ya kivuli chake, la sivyo moto utoke uwateketeze. Mti wa miiba ulishinda bila mpinzani. Hatia haikuwa ya miiba peke yake. Ilikuwa pia ya mizeituni iliyoona siasa ni uchafu, na ya miti iliyochoka kutafuta.

Tunao mizeituni katika nchi hii. Wako wanaofundisha, wanaotibu, wanaotetea wanyonge mahakamani, wanaoendesha vyama vya ushirika bila senti kupotea. Jina la mmoja wao litakapotajwa katika kikao chenu, na mtu akasema upesi kwamba hawezi kushinda, mwombeni anyamaze kidogo. Yasomeni yale maswali sita, myajibu kwa haki, mwandike majibu. Akiyapita, hapo ndipo muulizane mtafanya nini, ninyi mlioketi hapo, ili ashinde.